Ubeti wa Tatu wa Wafumaji

Edwige Herbaut alizaliwa na kiguu na njia. Mama yake, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema kwamba hata tumboni hakuwahi kulalia upande mmoja. Sisi watu wa Quérimont tulimzoea. Akija kumsalimia baba yake utamkuta amesimama jikoni na koti lake mwilini, anakunywa kahawa ya mizizi ya chikori kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje. Mkono mmoja umeshika kikombe, na vidole vya mkono wa pili vinabonyeza ukingo wa meza, juu chini, juu chini, vikipiga muziki ambao hakuna anayeusikia ila yeye.

"Kaa basi," baba yake humwambia.

"Nimekaa," hujibu, naye amesimama.

Baba yake, Anicet, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nyuzi mpaka kilipofungwa, na kwenye bendi ya mji alikuwa ndiye saksafoni ya kwanza. Alimvisha binti yake mkanda wa saksafoni shingoni kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mtoto akapuliza, akapuliza, mpaka majirani wakauliza kama hakuna shule ya bweni inayopokea watoto wadogo. Akaenda shule ya muziki ya Lille, kisha chuo kikubwa cha muziki cha Paris, akatoka huko na zawadi ya kwanza. Mji mzima tulivimba vichwa kana kwamba ni sisi tuliofanya mtihani.

Kumbe zawadi ni kitu kimoja na kiti ni kingine. Okestra kubwa zina viti vya fidla safu kwa safu, zina viti vya filimbi, hata yule bwana wa kugonga kile chuma cha pembetatu ana kiti chake. Saksafoni haina. Watunzi wengi wakubwa walikufa kabla chombo chenyewe hakijabuniwa, na waliofuata hawakukikumbuka sana. Basi Edwige aliitwa mara moja moja, akapiga ukurasa mmoja wa kipande kimoja, halafu akaambiwa asante sana, mlango ni ule pale. Alikuwa akikaa nyuma ya jukwaa, koti magotini, anawasikiliza wenzake wakiendelea bila yeye, huku damu inamchemka.

Ndipo akaanza kuiba. Neno hilo ni lake, si langu. Alichukua muziki ulioandikwa kwa ajili ya fidla, au kinanda cha kanisani, au sauti za watawa, akaupanga upya kwa saksafoni nne, kuanzia ile ndogo iliyonyooka mpaka ile nene ya besi. Akapata wenzake watatu, wakaanza kuzunguka nao kutoka mji hadi mji. Na kupanga alijua, hilo hata adui yake hawezi kumnyima. Mpiga fidla hapumui. Anaweza kuvuta upinde wake mpaka kesho. Mpulizaji lazima apumue. Edwige aligundua namna ya kuificha pumzi: huyu akikaribia kuishiwa, yule anaidaka noti yake katikati, kimyakimya, na sauti haikatiki hata kidogo. Gazeti moja liliandika kwamba mipango yake ni ukuta usio na ufa. Alikikata kipande hicho cha gazeti akakibandika ndani ya kasha la saksafoni.

Wenzake walikuwa na maoni mengine. "Edwige," mpiga besi alimwambia siku moja, uso umemwiva kama nyanya, "ukuta wako ni mzuri, lakini matofali ni sisi. Tuachie hata tundu la kupumulia." Yeye akacheka, na kipande kilichofuata kikawa kigumu zaidi. Nafasi tupu kwenye karatasi ilimwasha. Akiona mahali hapana noti, mkono ulikwenda wenyewe.

Kiangazi cha mwaka ule Anicet alipigwa na kiharusi akiwa bustanini, katikati ya vitunguu vyake. Sauti ilirudi. Mdomo ulinyooka. Mguu ulikuwa unaburuta kidogo, lakini ulitii. Mkono wa kulia ndio uliokataa; ulining'inia tu, baridi, kama kitu alichoazimwa na mtu akasahau kukirudisha.

Na Novemba ilikuwa inakuja. Kila Novemba, kwenye misa ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, bendi yetu hupiga Wimbo wa Wafumaji. Ubeti wa kwanza na wa pili ni wa bendi. Wa tatu huanzishwa na saksafoni ya kwanza peke yake, mstari mmoja mtupu, kisha kanisa zima linasimama na kuupokea. Anicet alikuwa akiuanzisha ubeti ule tangu Edwige hajazaliwa. Sheria ya bendi ni fupi: asiyeweza kupuliza siku ya Sesilia anaachia kiti. Kwenye chakula cha mchana, mbele ya wote, anauweka mwanzi wa saksafoni yake, kile kibanzi cha mdomoni kinachotoa sauti, kwenye sahani ya anayemfuata, naye anapewa medali na kuhamishiwa safu ya waheshimiwa, karibu na hita. Anicet aliiita safu ile kabati la vikombe, vile vya ushindi wa zamani, vya kutazamwa tu. Wengi wa waliohamishiwa pale hawakumaliza miaka miwili, na yeye alijua hivyo kama tulivyojua sisi sote.

Bertille Flament, kiongozi wa bendi, aliyesoma darasa moja na Edwige, alimpigia simu, ikamkuta stesheni ya Lyon.

"Baba yako amesema atapiga Sesilia."

"Kwa mkono upi?"

"Si ndiyo maana nakupigia wewe? Mimi nimeshindwa kumwambia. Jana nimemkuta anahangaika na vifungo vya shati, nikajifanya naangalia paka."

"Na Fulgence anasemaje?"

Fulgence Duquesnoy, mfamasia wetu, ndiye saksafoni ya pili.

"Fulgence hasemi kitu. Anafanya mazoezi na dirisha ameliacha wazi."

Edwige alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alimjua baba yake. Mtu yule angeweza kuishi bila mkono, lakini si kwenye kabati la vikombe.

Treni ilipoondoka aliinua mkono wake wa kushoto akautazama. Kwenye saksafoni, vitufe vya juu ni vya mkono wa kushoto na vya chini ni vya mkono wa kulia. Lakini mtu mjanja, kwa vidole vya kushoto na kwa ubavu wa kiganja, anapata noti nyingi kuliko unavyodhani. Halafu kidole gumba kikibonya kwa nyuma, zote zinaruka juu na anazipata tena. Zinazokosekana ni za chini kabisa, na tatu pale katikati. Na Wimbo wa Wafumaji ni wimbo mwembamba, hautanuki sana. Zile tatu za katikati ndizo ulizozikanyaga kila mara. Ukiusogeza kutoka hapo ulipo, wote unaingia kwenye mkono wa kushoto. Angeweza kuushusha, lakini huko chini ungelala usingizi. Akaupandisha. Huko juu ungeng'aa, na hakuna ambaye angejua kwa nini umepandishwa. Kabla treni haijafika alikuwa amemaliza ubeti mzima, na jirani yake kwenye kiti alikuwa amehama kwa kuchoshwa na mguu wake uliokuwa ukigonga gonga sakafu.

Alifika nyumbani na mvua. Anicet alikuwa jikoni, saksafoni imelala mapajani, mkono wa kulia ameutia mfukoni mwa sweta.

"Huu nimeupa likizo," alisema alipoona macho ya binti yake yalikokwenda. "Umefanya kazi kiwandani maisha yake yote. Acha upumzike."

"Baba, Bertille ameniomba niupange upya Wimbo wa Wafumaji."

"Ulivyo una ubaya gani?"

"Hauna ubaya. Umezeeka tu."

"Hata mimi nimezeeka. Utanipanga upya?"

Edwige aliweka karatasi mezani. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ana majibu ya kila swali. Anicet alivaa miwani kwa mkono mmoja, akasoma taratibu, midomo inacheza. Akaegemeza chombo kwenye paja, akaulowesha mwanzi kwa ulimi, akapuliza.

Ulitoka wote. Ulitoka bila pengo, kutoka noti ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mkono mmoja. Mzee alitulia, macho kwenye karatasi.

"Umepandisha," alisema.

"Unang'aa zaidi huko juu."

"Unang'aa, ndiyo."

Akaupiga tena, na tena. Supu ikachemka ikafurika, ikaungua kwenye jiko, na hakuna aliyejali. Edwige aligeukia dirisha asije akaonekana. Tangu kiangazi hakuwa amemwona baba yake akitabasamu kwa pande zote mbili za mdomo.

"Kaa basi," Anicet akasema.

Na safari hii alikaa kweli, koti na yote, mpaka harufu ya supu ilipomwinua.

Mazoezi yetu hufanyika kwenye ukumbi ulio juu ya kituo cha zimamoto. Bendi iliupokea mpango mpya kwa miguno, maana huku kwetu kila kitu hupokelewa kwa miguno, kisha ikaupiga na kuupenda. Klarineti zilipanda, matarumbeta yakashikilia, na popote mmoja alipoishiwa pumzi mwingine alikuwa tayari ameidaka noti. Anicet alipiga sehemu yake kifua mbele. Bertille alimkonyeza Edwige.

Baadaye, kwenye ngazi, Fulgence mfamasia alimsubiri.

"Hongera, mwanangu. Mpango mzuri sana."

"Asante, mzee."

"Saksafoni ya kwanza imepewa noti za mkono wa kushoto tu."

Edwige alisimama pale pale ngazini. Alitazama juu na chini kama kuna mtu anasikia.

"Mimi nami nina vidole," Fulgence aliendelea. "Nimekaa ubavuni mwa baba yako tangu nikiwa na nywele."

"Utamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mimi ni mfamasia. Najua nani mjini hapa anaugua bawasiri. Umewahi kusikia?" Akajifunga skafu yake, pole pole, kama mtu anayetafuta neno. "Ila wimbo uko juu."

"Saksafoni inafika bila taabu."

"Saksafoni, ndiyo," alisema Fulgence.

Edwige angemuuliza ana maana gani. Hakuuliza. Alikuwa na treni, na alidhani anayezungumza pale ni kile kiti, kwamba mtu amekingoja miaka mingi na sasa anakiona kinamponyoka. Akateremka ngazi mbili mbili.

Siku ya Sesilia baridi ilikuwa ya kukata masikio. Edwige alimfunga baba yake tai kwenye korido.

"Usinikabe bwana, mimi si mbuzi wa sikukuu."

"Tulia basi."

"Ananiambia nani nitulie!" Anicet akacheka mpaka tai ikakaa upande.

Bertille alimwomba Edwige akae na bendi, kati ya baba yake na Fulgence, kuwaongezea nguvu. Kanisani wanamuziki walikuwa wakipuliza hewa ya moto ndani ya vyombo bila kutoa sauti, maana chombo kikipoa sauti yake inashuka. Edwige alipuliza hewa kwenye chake, kisha akainama akapuliza kwenye cha baba yake. Goti lake lilikuwa likiruka. Fulgence aliliwekea mkono mara moja, kwa adabu, likatulia, akautoa mkono, likaendelea.

Beti mbili za kwanza nitazisimulia kwa ufupi kwa sababu zinaniuma. Sijawahi kusikia bendi yetu ikipiga vile, na sidhani nitasikia tena. Mambo yalishikana, sauti haikukatika, mpaka padri mwenyewe aliacha kutazama saa. Kisha bendi ikanyamaza. Anicet akavuta pumzi, akauanzisha ubeti wa tatu.

Mstari ulitoka safi, juu, unang'aa kama binti yake alivyotaka. Viti vikakwaruza sakafu. Tukasimama wote, tukafungua midomo.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Miaka yote ile Edwige alikuwa akipanga muziki kwa watu waliokaa, wanaonyamaza, wanaokohoa kwa adabu kati ya kipande na kipande. Alikuwa amefikiria vidole vya baba yake, na pumzi za klarineti, na baridi ya kanisa. Sisi alitusahau. Wimbo ule tunauimba pale pale ulipo tangu tukiwa mapajani mwa bibi zetu, na koo zetu zinajua mahali pake kama mkono unavyojua kitasa cha mlango wa nyumbani. Huko juu alikoupeleka hapakuwa na mtu. Wanawake sauti ziliwapasuka kwenye neno la pili. Wanaume wengine walipiga kelele wakaishia kukohoa, wengine wakateremka chini kabisa wakawa wananguruma. Mstari wa pili ulikuwa manung'uniko. Wa tatu, kanisa lilikuwa kimya, limesimama, linatazama viatu vyake. Mimi mwenyewe nilifunga mdomo.

Edwige alielewa mara moja, na aibu ikampanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Alimkumbuka Fulgence na skafu yake. Bertille aliendelea kupunga fimbo, uso mweupe kama karatasi, na bendi ikaendelea kupiga kwa uzuri wake, bila ufa, na hapakuwa na pa kuingilia.

Anicet aliitoa saksafoni mdomoni.

Kwenye ubeti wa tatu bendi humfuata saksafoni ya kwanza. Yeye aliponyamaza, wakanyamaza mmoja mmoja, ngoma kubwa mwisho. Mzee alitutazama. Nilimwona vizuri, nilikuwa safu ya nne. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani kwa furaha, akafika njiani akakumbuka amewafungia watoto mlango.

Akauinamia ule mwanzi, akaanza upya, pale pale pa zamani.

Edwige aliviangalia vidole vya baba yake. Aliujua ule wimbo kidole kwa kidole. Noti mbili za mwanzo mkono wa kushoto unazo. Ya tatu ni ya mkono wa kulia. Ikafika. Anicet hakuipiga kwa sababu hakuwa na cha kuipigia. Hakujificha wala hakuruka. Alikaa na pumzi yake mdomoni, mguu wake mzima unahesabu, na mahali pa noti ile pakawa patupu kanisa zima likisikia. Kisha akapiga ya nne.

Lilikuwa shimo, na Edwige aliyaona mengine yote yaliyokuwa yakija. Saksafoni yake ilikuwa tayari mdomoni. Vidole vyake vilikuwa vimekaa juu ya noti inayofuata, ile ile iliyokosekana. Kazi ya maisha yake ilikuwa kudaka noti ya mwenzake kabla haijaanguka. Angeipiga kwa ulaini hata padri asingejua. Ubavuni mwake Fulgence naye alikuwa ameinua chombo chake. Wote wawili walivuta pumzi.

Sijui nini kilimzuia. Yeye mwenyewe anasema hajui. Anasema alimwona baba yake kwa jicho la pembeni, na baba yake hakuwa akimtazama yeye, wala hakuwa akiomba msaada. Alikuwa akitutazama sisi, nyusi zimeinuka, kama mtu anayemngoja mwenziwe amalizie sentensi. Edwige alitoa mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya vitufe vya Fulgence, akaubana pale. Hakupuliza. Ilimuuma, anasema, ilimuuma kama kushikilia chafya.

Shimo la pili likafika. Kutoka nyuma, upande wa mlango, sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na pambo lolote, ikaliimba neno la mahali pale:

"...uzi..."

Neno moja tu. Anicet akaidaka noti iliyofuata kana kwamba walikuwa wamepatana. Shimo la tatu tulikuwa wengi. La nne tulikuwa wote, na kufikia mstari wa pili hatukungoja mashimo tena, tuliimba juu yake na chini yake, koo wazi, watu wanalia na wanaimba, na yeye katikati anapiga noti zake anazoziweza na nyingine anatuachia. Bendi haikupiga. Bertille alishusha fimbo akaimba. Nilipotupa macho kwa Edwige, machozi yalikuwa yanamfika kidevuni, na goti lake lilikuwa limetulia.

Chakulani kulikuwa na sungura na mkate wa jibini na bia ya kutosha. Watu walikuja kumpiga Anicet mgongoni mpaka akalalamika kwamba ana kiharusi kimoja, hahitaji cha pili. Edwige hakula. Alizungusha uma, akauweka, akauchukua tena.

"Kwa nini hukuniambia ni juu mno?" alimuuliza baba yake mwishoni, kwa sauti ya chini. "Ulijua. Siku ile jikoni ulijua."

Anicet alitafuna kwanza.

"Siku ile jikoni nilikuwa napiga," alisema. "Tangu kiangazi sikuwa nimepiga. Ningekumbuka watu saa ngapi? Niliwasahau, kama wewe. Wakanikumbusha wenyewe, kwa kunyamaza." Akafuta mdomo. "Ulinipa noti zote, binti yangu. Hilo silisahau. Lakini ulinipa mimi peke yangu."

Kisha akasimama. Ukumbi ukanyamaza, kwa sababu tuliujua ule mwanzi aliokuwa ameushika. Alizunguka upande wa pili wa meza, mguu unaburuta, akauweka kwenye sahani ya Fulgence, kando ya mifupa ya sungura.

"Umengoja vya kutosha," akamwambia. "Na dirisha lako ulifunge, mtaa mzima umechoka."

Watu walicheka, na wengine hatukuweza kucheka. Edwige alikuwa ameinuka nusu. Fulgence aliuchukua mwanzi. Akaupangusa kwa kitambaa cha meza, pande zote mbili, akautia mfuko wa ndani wa koti.

"Kiti nimekubali," alisema. "Nitakaa, nitapiga beti mbili za mwanzo, na nitazipiga vizuri kuliko wewe, ujiandae. Wa tatu sina uwezo nao."

"Huna uwezo nao vipi? Una mikono miwili."

"Ndiyo hivyo. Nikianzisha mimi, noti zote zitakuwepo. Watu wataimba nini?" Akachukua bia yake. "Utauanzisha wewe, Anicet. Mwakani na mwaka mwingine. Ukitokea huko kabatini kwako, karibu na hita."

Anicet alikubali kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikubali bila ubishi. Alirudi kwenye kiti chake.

Jioni ile ile Edwige alikuwa kwenye treni. Usitarajie vingine, wenzake watatu walikuwa wanamngoja Lyon, na kiguu na njia hakiponi kwa misa moja. Alikuwa ametoa karatasi kabla stesheni yetu haijapotea dirishani. Alifuta ufunguo aliokuwa ameuweka, ule uliopandisha wimbo, akaurudisha ule wa zamani. Aliandika beti mbili za kwanza, hizi za Fulgence, akazijaza mpaka juu, ukuta wake mzuri usio na ufa, kwa sababu hizo zilikuwa za bendi na bendi ina vidole vya kutosha.

Kisha akafika wa tatu. Akaandika noti za baba yake moja moja, zile anazoziweza. Chini yake, penye klarineti na matarumbeta na saksafoni nyingine zote, ikiwemo yake mwenyewe, hakuandika kitu. Akautazama ukurasa. Haukuwahi kutoka ukurasa mweupe namna ile mkononi mwake. Kwenye shimo la kwanza aliona mahali ambapo klarineti moja tu, kwa chini sana, ingeweza kushikilia, watu wasije wakapotea. Mkono ukaenda wenyewe. Akaurudisha. Ukaenda tena.

Akaitoa kalamu ya risasi kwenye vidole vyake, akaiweka kitini, akaikalia. Akabaki hivyo, ameikalia, anaisikia inamchoma, mpaka treni ilipofika Arras.